Biri, Bia Nyeusi na Mtani Aliyenyamaza

14 Machi

Kosa la watu wengi ni kunywa bia ya baridi kali wanapovuta biri. Baridi huua ulimi, na ulimi ukishakufa mtu hajui kama anavuta tumbaku njema au anachoma mkeka. Bia ya kuonjea iwe na ubaridi wa maji ya mtungini, basi. Mimi nimezitia chupa zangu kwenye beseni la maji chini ya kitanda, mahali ambapo mke wangu Josefina alikuwa akiweka mayai.

Naeleza. Asubuhi nimepokea kifurushi kilicholetwa na basi hapa Makuyuni. Kimetoka kwa Getruda, binti yetu, anayefanya kazi benki Dar es Salaam. Ndani mna biri tano, nene kama kidole gumba cha mkata mkonge, na chupa za bia za aina mbili kutoka kiwanda kidogo cha huko, kile kinachopika mapipa machache tu na kulipatia kila pipa jina lake. Biri, kwa asiyeijua, ni sigara isiyo na karatasi: tumbaku ndani, jani zima la tumbaku nje.

"Onja taratibu jioni, Baba, hiki na kile," aliniambia kwenye simu. "Watu wazima huku ndivyo wanavyopumzika. Itakupunguzia mawazo."

"Mawazo gani, mama?"

"Baba naye!"

Mama yake tulimzika tarehe 22 Februari.

15 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Imenyesha kidogo, kama mtu anayejaribu kalamu.

16 Machi

Nimeonja. Nilisubiri Bi Mashavu, jirani yangu, apate kufuturu kwanza, kwa sababu moshi haujui mpaka wa ua na si adabu kumpelekea mfungaji.

Biri haivutwi mpaka kifuani. Moshi unaingia mdomoni, unaukalisha kama unavyomkalisha mgeni, kisha unautoa. Unapumzika kidogo, ndipo unavuta tena. Ukiharakisha, jani linapata joto na kuwa chungu. Majivu huyakung'uti, yaache yarefuke, yanasaidia moto usiwake kwa fujo.

Nilianza na bia nyepesi, ya rangi ya asali, ambayo ina uchungu mkali na harufu ya ganda la chungwa. Nilipiga funda, nikavuta, nikapiga funda tena. Mdomo wangu ukawa kama nimelamba msumari. Uchungu wa bia na ukali wa jani havikusikilizana hata kidogo. Nilisema kwa sauti, "Hapana, hii sio," kisha nikangoja mtu anibishie.

Hakuna aliyenibishia. Kuku tu walikuwa wanapanda kulala.

19 Machi

Mvua. Mwewe kachukua kifaranga.

23 Machi

Jumapili. Baada ya misa watu walinipa pole tena. Mwezi umepita, pole zao sasa ni fupi, na sizilaumu.

Tumbaku si ngeni kwangu. Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na pamoja na mkeka wake alibeba mbegu za tumbaku ndani ya pembe ya swala. Uzao wa mbegu zile bado ninao, mistari michache nyuma ya nyumba. Nilifundisha jiografia miaka mingi, lakini mikono yangu haikuacha kunuka jani.

Kila mwaka masika yakiisha, Matayo Mhina huja kutoka Kwamsisi, huko Handeni, na dumu la pombe ya miwa aliyoipika mwenyewe. Mimi nasokota, yeye anamimina, tunaonja, tunabishana mpaka Josefina anatufukuza barazani. Matayo alikuwa fundi wa karakana ya shamba la mkonge hapa jirani kabla hajarudi kwao kulima. Yeye ni Mzigua. Mimi, ingawa nimezaliwa hapa hapa Korogwe, ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni mtani wangu.

Vijana siku hizi wanadhani utani ni mzaha wa mpira, kwa hiyo nieleze. Wazee husema kwamba babu zake Matayo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, misafara ya babu zangu walipopita na mizigo kwenda pwani. Walipigana, wakachoka kupigana, wakakubaliana wawe wanatukanana tu. Ndiyo maana mimi namwita mla hongo, naye ananiita mpagazi. Mtani huingia kwako bila hodi, hula chakula chako, hukuita maiti mtarajiwa, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na siku ya msiba yeye ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote. Anamwigiza marehemu, anawasema wafiwa, anakalia kaburi mpaka apewe chochote. Mgeni akiona hushangaa. Mfiwa akiona hupumua.

Matayo alikuja kumzika Josefina. Alivaa suti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wageni, mikono magotini. Watani wengine walikuwa wanamtazama yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, na alipokaa kimya nao wakakaa kimya. Mwishoni alinipa mkono akasema, "Pole sana, mwalimu. Kazi ya Mungu haina makosa." Akapanda basi.

Tangu tujuane hajawahi kuniita mwalimu.

30 Machi

Bia nyeusi. Nilivuta biri ya pili nayo jioni, mvua ikipiga bati.

Hii ndiyo yenyewe. Bia ina harufu ya kahawa iliyokaangwa ikasahaulika kidogo, na mwishoni inaacha utamu wa sukari guru. Biri mwanzo wake ni pilipili na majani makavu, katikati inageuka kuwa kama ngozi ya viatu vipya, na mwisho inakuwa nzito sana, unaiacha ijifie yenyewe. Funda moja la bia nyeusi baada ya moshi wa katikati, na ile pilipili inalala chini kama mbwa aliyemwona mwenyewe.

Kanuni ni hii: kitu kikali usikipe kitu laini kikibembeleze. Kipe kikali mwenzake.

Nimepata ladha, lakini sijui kama ni kweli. Mtu mmoja akionja, hayo ni maoni. Wakionja wawili wakagombana, ndipo inakuwa ladha. Matayo angesema si ngozi ya viatu, ni kitu kingine, na tungefika usingizini bado hatujakubaliana.

1 Aprili

Idd. Bi Mashavu ameniletea pilau na maneno. "Mwalimu, juzi ulikuwa unachoma nini, godoro?"

"Biri, Bi Mashavu. Zawadi ya Getruda."

"Ah. Mtoto akikupenda sana akiwa mbali, atakutumia hata moshi."

6 Aprili

Nimempigia simu Matayo. Niliandaa matusi mazuri tangu asubuhi, lakini alipopokea yakanipotea.

"Habari za Kwamsisi?" nikasema.

"Nzuri, mwalimu. Za Makuyuni?"

"Nzuri. Mvua?"

"Ipo."

"Mahindi?"

"Yapo."

"Watoto?"

"Hawajambo wote."

"Haya."

"Haya, mwalimu. Ahsante kwa kupiga."

Nimeukalia huu mkeka mpaka giza limeingia. Sijui nimemkosea nini mtu huyu.

9 Aprili

Umeme hakuna tangu jana. Mvua.

10 Aprili

Mvua. Magugu kwenye mahindi yananicheka.

12 Aprili

Mvua. Nilijikuta nimesonga ugali wa watu wawili. Nimempa mbwa wa Bi Mashavu, ambaye sasa anadhani mimi ni mtu mkarimu.

20 Aprili

Pasaka. Baada ya misa nimempigia tena Matayo, na safari hii nimesema yote kwa utaratibu, kama mtu mwenye elimu. Nimesema, "Matayo, kama kuna mahali nimekukosea, mimi au watu wangu, naomba radhi."

Nilisikia jogoo upande wake.

"Hujanikosea kitu, mwalimu," akasema. "Sisi ni watu wa kuheshimiana. Pasaka njema."

Nilipomsimulia Bi Mashavu, aliweka ndoo chini.

"Umemwomba radhi mtani?"

"Ningefanyaje?"

"Uuuu! Mwalimu, vitabu vyote vile! Radhi anaombwa jirani. Anaombwa mume. Mtani ukimwomba radhi umemwambia, 'Wewe na mimi sasa ni watu baki.' Umeuzika utani kwa mikono yako."

"Wewe ni Msambaa. Unajuaje mambo ya Wazigua?"

"Mimi nimeolewa mara mbili," akasema. "Najua mambo ya watu wote."

27 Aprili

Biri ya tatu, bia nyeusi. Nilitaka kuhakikisha ile ladha ya ngozi. Haikuwepo. Moshi ulikuwa moshi na bia ilikuwa maji meusi. Jani ni lile lile, boksi lile lile, ubaridi ule ule. Kwa hiyo kilichobadilika ni mimi.

Nimeizima nusu. Nilikuwa namlaumu Matayo kwa kujivuna. Leo nimeanza kufikiri kwamba labda uzee umemfikia, na mtu akizeeka huanza kupunguza vitu: kwanza safari, halafu marafiki. Nimeandika hivyo kisha nikaona ni mimi ninayejieleza.

4 Mei

Mafundi wa kujengea kaburi wanasema saruji haishiki katika mvua hii. Tumepanga Juni 28. Kwa asiyejua desturi zetu: kaburi linaachwa udongo ulale, kisha familia inakutana tena, kaburi linajengewa, msalaba wa kudumu unasimikwa, watu wanakula. Hapo ndipo msiba unafungwa. Baada ya hapo hakuna tena siku ya kumlilia mtu hadharani, wala ya kumcheka.

Maana yake ni kwamba Matayo asipokuja siku hiyo, Josefina atakuwa amekwenda bila mtani. Na mimi nitabaki na msiba nusu mpaka nife.

10 Mei

Getruda amekuja kwa ajili ya kupanga. Nina furaha naye, na leo nilitaka kumchapa, mtu mzima mwenye watoto.

Tulikuwa barazani tunaandika watu wa kualika. Mvua ilikuwa imepoa. Nikasema, "Mzee Mhina lazima aambiwe mapema, Kwamsisi ni mbali."

"Sawa, Baba. Ila umwambie aje kama alivyokuja kwenye mazishi. Alikaa vizuri sana."

"Alikaa vizuri vipi?"

"Si alitulia? Nilimshukuru kweli. Nilimfuata pale getini alipofika, nikamwomba: 'Baba Matayo, tafadhali, leo msituletee zile vurugu za utani. Kuna wakubwa wangu wa kazini, mkurugenzi yuko pale, hawataelewa.' Akasema, 'Nimekusikia, mwanangu.' Mtu muungwana."

Nikaweka kalamu chini.

"Ulimwambia hivyo getini? Kabla hajaingia?"

"Ndiyo. Baba, nini? Nilikosea?"

"Alikuwa amevaa suti kabla au baada?"

"Baba, suti alikuja nayo... Hapana. Alikuwa na begi. Alikwenda kwa Bi Mashavu kubadilisha." Akafikiri. "Alikuwa amejifunga kanga kama ya mama kiunoni. Nilidhani ni kwa sababu ya tope."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa nini? Alikua akisoma shule za bweni mbali na hapa. Utani aliujua kama kelele za wazee. Alikuwa anamlinda mama yake asichekwe. Hakujua kwamba kuna kucheka kunakomfunika marehemu kama sanda.

Nilichomwambia ni hiki tu: "Mama, ulimfukuza mtu wa nyumba hii ukamkaribisha mgeni."

Akalia kidogo. Kisha akaniuliza, "Sasa nimpigie simu nimwombe radhi?"

"Usithubutu," nikasema. "Radhi za familia hii zimetosha."

11 Mei

Getruda ameondoka na basi la asubuhi. Sijalala vizuri. Nimemfikiria Matayo akiwa nyumbani kwa Bi Mashavu anafungua kanga, anavaa suti. Miezi hii yote nilikuwa nasema ameniacha, kumbe alikaa pale alipoambiwa akae.

17 Mei

Mvua inapungua. Tumbaku imeota vizuri kuliko mahindi.

24 Mei

Jana nilikwenda Kwamsisi, leo nimerudi. Nitaandika yote kabla sijasahau, ingawa mgongo unauma.

Nilibeba begi moja: biri mbili zilizobaki, bia nyeusi nne zilizoviringishwa kwenye shuka, na miwani ya akiba. Nilishuka Mkata, nikachukua bodaboda. Barabara ilikuwa bado na madimbwi, na kijana wa bodaboda aliniuliza kama nakwenda msibani, kwa jinsi nilivyonyamaza. Nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi. Ni kazi ngumu. Nimefundisha watoto adabu maisha yangu yote, na sehemu yangu ya utani siku zote nilikuwa naijibu tu. Matayo ndiye aliyekuwa anaanza.

Nilimkuta uani kwake. Amekaa kigodani, sahani ya mihogo ya kuchemsha na chumvi mbele yake. Mkwewe, Grasiana, alikuwa anapepeta mahindi. Matayo amekonda. Sikupiga hodi.

"We mla hongo!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya kengele iliyopasuka. "Bado unapumua? Ardhi ya Handeni imekukataa?"

Grasiana akaacha ungo. Matayo akainua macho, akanitazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Grasiana, mletee mwalimu kiti."

Hapo nusura nigeuke. Kiti kikaletwa. Kiti kizuri, chenye mto. Nilikitazama nikajua kwamba nikikikalia, nimekwisha. Basi nikakaa chini, kwenye vumbi lenye unyevu, kando ya sahani yake. Nikachukua muhogo mkubwa kuliko yote nikaula. Nikachukua wa pili.

"Mihogo yenyewe migumu," nikasema mdomo ukiwa umejaa. "Ndiyo maana meno ya Wazigua yanaisha mapema. Na chumvi mmeweka kwa kuhesabu, kama bado mnatoza ushuru."

"Baba!" Grasiana akamwambia Matayo kwa sauti ya chini. "Huyu mzee ni mzima?"

Nikachukua wa tatu. Kwa kweli nilikuwa nimeshiba, na muhogo mkavu ulikuwa umenikaba, lakini nikaendelea kutafuna huku machozi yakinitoka kwa kukabwa. Nikanyoosha mkono kuchukua wa nne.

Matayo akaupiga mkono wangu.

"Acha mihogo yangu, mpagazi!" akapiga kelele. "Umetembea kutoka Makuyuni kuja kuniua kwa njaa? Ndivyo mlivyo! Mkitua mzigo mnatua tumboni mwa mtu!"

"Nitaacha nikishiba."

"Mnyamwezi hajawahi kushiba tangu dunia iumbwe! Grasiana, mpe maji kabla hajafia hapa, maana jeneza la kutosha kichwa hicho hakuna fundi Handeni nzima atakayeliweza!"

Nilikunywa maji. Tulikaa.

Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Nilikuwa nimemwandalia Josefina maneno, Fabiani. Njia nzima kutoka hapa nilikuwa nayapanga. Vile alivyokuwa anatembea. Vile alivyokuwa anakugombeza. Nikayafikisha mpaka getini. Nikarudi nayo. Yamekaa hapa," akajigusa kifua, "yameniozea."

"Sikujua. Getruda kaniambia juzi tu."

"Nilidhani umemtuma wewe. Nilisema, mpagazi amekuwa mkubwa, sasa ana wakurugenzi."

Nilitaka kusema samahani. Nikalimeza lile neno pamoja na muhogo. Nikasema, "Mla hongo hana akili ya kujua ni nani kamtuma nani." Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jua lilipoinama tukaonja. Nilimweleza utaratibu wa biri za dukani, jinsi ya kukata kichwa chake kidogo tu, jinsi ya kutomeza moshi. Alinisikiliza kisha akafanya anavyotaka. Tulianza na bia nyeusi. Alizungusha funda mdomoni, akavuta, akafumba macho.

"Ngozi ya viatu vipya," nikasema.

"Ngozi ya viatu gani? Mkanda wa mashine ya mkonge ukianza kuungua, ile saa fundi anakimbia. Na hii bia imepikwa na mtu aliyesahau sufuria."

"Ni kahawa."

"Ni sufuria."

Halafu akaleta dumu lake. Pombe ya miwa ya mwaka huu ni kali, ina uchachu mwanzoni na joto linaloshuka pole pole. Nilikuwa na hakika itapigana na biri kama ile bia ya chungwa. Haikupigana. Uchachu uliifungua ile tumbaku kama dirisha. Nilipata harufu ya udongo uliolimwa ambayo sikuipata mara tatu zote nilipokuwa peke yangu. Nimekosea kanuni yangu, nakiri kitaaluma: kikali na kikali sawa, lakini na kichachu pia.

"Hapo unaonja nini?" akaniuliza.

"Udongo."

"Unakaribia. Wazee wanakuita."

Nililala kwao. Asubuhi nikamwambia kuhusu Juni 28. Akatazama miguu yake.

"Siji, Fabiani. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe wa kesho ni binti yako. Akitaka nije, nitakuja. Akitaka nije ninyamaze, sina nguvu ya kunyamaza mara ya pili."

1 Juni

Nimezungumza na Getruda. Mkurugenzi wake atakuja tena.

"Baba, akiniuliza yule mzee anafanya nini, nitasemaje?"

"Utamwambia ni ndugu wa marehemu anayefanya kazi yake."

"Na akimcheka mama mbele ya watu?"

"Utacheka pia. Ukishindwa, utalia. Vyote viwili vimeruhusiwa."

Kisha akasema nimpe namba ya Grasiana. Sikuuliza ya nini.

8 Juni

Upepo wa kusini. Baridi asubuhi. Masika yamekwisha.

15 Juni

Nimevuna majani ya chini ya tumbaku, nimeyatundika jikoni. Ilikuwa kazi ya Josefina kuyageuza. Nayageuza vibaya.

21 Juni

Hakuna habari kutoka Kwamsisi. Sijapiga. Mtani haalikwi mara mbili.

28 Juni

Watu walikuja wengi. Mafundi walianza kupanga tofali. Padri alikuwa amebariki, mkurugenzi wa Getruda alikuwa amekaa mbele kwa miwani myeusi, na Matayo hakuwepo. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa cha kaburi nikijifundisha kukubali.

Kisha nikasikia, kutoka nyuma ya watu, sauti ya mwanamke inayoita jina langu kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu Februari. Jina langu lilivutwa mwishoni, na kupandishwa, kama mtu anayeinua mfuniko wa chungu ambacho anajua kimeungua.

"Fabianiii! Mafundi hawa wamekula? Umesimama tu kama mnazi, watu hawajala!"

Matayo alipita katikati ya watu. Amejifunga kanga mbili, kilemba kichwani, mwiko mkononi, na alikuwa anatembea kwa kuegemea mguu wa kushoto, vile vile, hasa vile vile, kama Josefina alivyotembea tangu alipoanguka kisimani. Akawahesabu wageni kwa mwiko jinsi Josefina alivyohesabu kuku jioni. Alipomfikia mkurugenzi akamnusa. "Huyu wa kwetu? Mtoto amekonda huyu! Getruda, huko benki hamli hela tu?" Yule bwana akavua miwani akacheka mpaka akakohoa.

Halafu Matayo akaenda akakalia tofali, juu ya kaburi, akakunja mikono.

"Sitoki," akasema kwa sauti ile ile. "Najengewa nyumba, hata kuulizwa dirisha likae wapi sijaulizwa? Mume wangu mpagazi, kazi yake kubeba, kujenga hajui. Mafundi, shukeni!"

Watani wengine wakapiga vigelegele. Mafundi wakashusha miiko yao. Nikamtazama Getruda. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yanatetemeka, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na nadhani naye hakujua. Akasogea, akapiga magoti mbele ya Matayo.

"Mama, toka basi," akamwambia. "Tutaweka dirisha upande wa jikoni."

"Unajua mambo yangu wewe?" akauliza Matayo, na hapo sauti yake ya mwanamke ikakatika, ikabaki ya mzee.

"Najifunza, Mama."

Akatoka. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Nililia kwa sauti, mbele ya padri na benki na wanafunzi wangu wa zamani, nikicheka katikati, na hakuna aliyenishika mkono kuninyamazisha. Bi Mashavu alisema, "Mwacheni, ndiyo anafika msibani."

29 Juni

Matayo bado amelala chumba cha wageni. Anakoroma kama mashine ya kusaga. Nimekaa barazani na chai, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nyumba ina watu wa kutosha.

Wewe utakayesoma: kama mtani wako amefiwa nawe ukaenda kwake ukakaa kwa heshima, nenda tena leo, na usipige hodi.